Ukoo Usio na Maziwa

Ta. Kimya kifupi, kisha ta tena. Ilikuwa sauti ndogo na kavu, na ilitoka pale mdomo wa binti yangu ulipokutana na titi langu. Nilikuwa nimeketi karibu na dirisha la nyumba yetu ya kupanga Kitengela. Ulikuwa mchana. Punda wa maji walikuwa wakipita chini na mikokoteni yao, na upepo wa uwanda ule ulikuwa ukitikisa bati lililolegea kwenye paa la jirani. Kabla ya hapo nilikuwa nikivisikia vyote. Baada ya hapo nikawa nasikia ta peke yake.

Mimi ni mwanafunzi wa fonetiki. Kazi ya shahada yangu ya uzamili ilikuwa kuwasikiliza watoto wa mji ule, ambao nyumbani husikia lugha mbili au tatu kabla hawajaanza kutembea, na kueleza namna ndimi zao zinavyojifunza kutofautisha sauti. Kwa hiyo niliitambua sauti ile kabla sijaiogopa. Ilikuwa kidoko. Ulimi hujibandika juu ya kinywa, huvuta, kisha hubanduka ghafla. Nilijua jina lake na nilijua inavyotengenezwa. Nisichojua ni kwa nini ilikuwa ikitoka katika kinywa cha mtoto ambaye wakati huo alipaswa kuwa anameza. Mtoto anayenyonya vizuri hutoa sauti nyingine kabisa, laini na ya chini, kama pumzi inayokatwa kwa upole. Binti yangu alivuta, akapiga kidoko, akaachia, akalia, akarudi kwenye titi kwa hasira, akapiga kidoko tena.

Hofu yenyewe haikutokana na sauti. Ilitokana na maneno niliyokuwa nimeyabeba tangu utotoni, ambayo sauti ile iliyaamsha: sisi kwetu hatuna maziwa.

Ni maneno ya mama yangu. Aliyasema kwa wepesi, kama mtu anayesema kwamba watu wa kwao ni warefu au huota mvi mapema. Yeye ana duka la mboga Matasia, na pale dukani nimemsikia akiwasimulia wateja hadithi hiyo akiwa anawapimia viazi. Nilipozaliwa hakuwa na maziwa. Nililia mpaka nikapoteza sauti. Akanichemshia maziwa ya ng'ombe wa jirani, akayazimua kwa maji, nikaharisha, nikalazwa hospitalini, nikakaribia kufa. Shangazi zangu, dada za baba, walisema matiti yake ni ya kupamba blauzi. Mama alifika sehemu hiyo ya hadithi akicheka, kisha akanigeukia: "Wewe ulinyonyeshwa na ng'ombe, na bado ukaenda yunivasiti." Wateja walicheka, nami nikacheka. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba kila mara aliposimulia hadithi hiyo mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu cha kufanya.

Alikuja kuniona Kitengela siku chache baada ya kujifungua. Alileta kuku, mfuko wa njahi, yale maharagwe yetu meusi, unga wa uji, na, ndani ya leso iliyokunjwa vizuri, mkebe wa maziwa ya unga ya watoto. Kwetu, njahi na uji ndivyo vyakula vya mzazi, vya kuongeza maziwa, na mama wa mzazi ndiye anayetarajiwa kusimama jikoni na kuvipika. Mama aliviweka vyote juu ya meza, akavua koti, kisha akatoka kwenda kugonga mlango wa jirani.

"Nimeita huyu mama wa hapa kando," alisema aliporudi. "Atakupikia. Ako na watoto wengi na wote walinyonya."

"Lakini mimi nataka uji wako, Mami."

"Wee msichana, wacha. Mkono wangu uachane na hiyo sufuria. Unataka nikumalizie hata hiyo kidogo uko nayo?"

Nilidhani ni mzaha. Lakini jirani alipoingia na kuanza kukoroga, mama alisogeza kiti chake mpaka mlangoni, akaketi akitazama ukumbini. Nilipompa mtoto titi, aligeuza uso wake kabisa. Niliumia. Niliona ubaridi mahali ambapo nilikuwa nimetarajia mama, na kwa kuwa sikutaka kuonyesha nimeumia, nikamuuliza jambo la kwanza lililonijia. Nilimuuliza kama dada yangu mdogo alinyonya.

"Huyo hata sikujisumbua," alisema. "Nilijifunga leso kwa kifua, nikafunga kabisa, mpaka ile kitu ikaisha."

"Kitu gani?"

"Ile maji. Ilikuwa inaloesha blauzi. Shangazi zako wangeona wangesema najipaka maziwa ya ng'ombe ndio nionekane."

Alicheka. Jirani alicheka. Mimi pia nilicheka, na uji ukaiva, na maneno yale yakapita sebuleni mwangu bila mtu yeyote kuyazuia.

Kliniki niliyokuwa nikienda ilikuwa na bango kubwa ukutani, lenye picha ya mama na mtoto na maelezo ya faida za kunyonyesha. Nimesoma mambo mengi maishani mwangu, lakini sidhani nimewahi kusoma kitu kwa bidii kama nilivyolisoma bango hilo nikiwa kwenye benchi, nikisubiri mtoto apimwe. Maziwa yale ya kwanza, mazito na ya manjano, ni kinga ya kwanza ya mtoto. Maziwa ya mama humpunguzia mtoto hatari ya kuharisha, ya nimonia, ya maradhi ya masikio. Hayahitaji maji wala chupa, na kwa sisi tunaonunua maji ya chumvi kutoka visimani na kuyabeba kwenye mitungi ambayo hakuna anayejua ilioshwa lini, hilo si jambo dogo. Mama naye hufaidika: mtoto anaponyonya kizazi hujikaza, kutokwa damu hupungua, na miaka mingi baadaye hatari ya saratani ya matiti na ya vifuko vya mayai ya uzazi huwa ndogo kidogo kuliko ambavyo ingekuwa.

Nilijua maneno hayo yote ni ya kweli, na nilijua yameandikwa kwa nia njema. Hata hivyo, nilipoyasoma mara ya tatu, yalikuwa yamegeuka. Kila faida ilisomeka kama shtaka. Hapa palikuwa na kinga ambayo binti yangu alikuwa akikosa. Hapa palikuwa na kuharisha kulikonilaza mimi hospitalini. Hapa palikuwa na hatari ambayo mama yangu, aliyezaa mara mbili na hakunyonyesha, aliibeba mwilini bila kujua. Nilijiuliza kama aliwahi kuketi mbele ya bango kama hilo akiwa nami mgongoni. Nikajiuliza alifanya nini na macho yake.

Mtoto alipowekwa kwenye mizani, muuguzi alitazama, akarekebisha, akatazama tena. Uzito ulikuwa haujapanda. Aliniuliza mtoto ananyonya mara ngapi, nikamwambia ananyonya siku nzima, na huo ulikuwa ukweli. Alinishauri nimpe titi kila anapotaka, ninywe maji, nile vizuri, nisiwe na wasiwasi. Nilitoka pale nikiwa na wasiwasi juu ya kuwa na wasiwasi. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka. Niliporudi nyumbani nilijaribu kukamua maziwa kwenye kikombe ili niyaone kwa macho, na kile kidogo kilichotoka kilinithibitishia nilichokuwa nakiogopa. Nikautazama ule mkebe wa maziwa ya unga kwenye rafu. Nikaufungua. Binti yangu alikunywa akalala, nami nikaketi kando yake nikihisi kwamba nimekabidhiwa urithi.

Mume wangu ni mwalimu Rombo, kule karibu na mpaka wa Tanzania, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Aliponisikia kwenye simu, hakuuliza mengi. "Enda kwa mama ukae huko kidogo," alisema. "Usibaki hapo na hizo hesabu zako." Kwa hiyo nilifunga mizigo, nikaenda kwa mama mkwe wangu, nje kidogo ya mji wa Kajiado.

Yeye ni mwanamke wa Kimaasai, mrefu, wa kanisani, mwenye ng'ombe wachache aliobaki nao baada ya kiangazi na ucheshi ambao kiangazi hakikuugusa. "Takwenya," alinisalimu mlangoni, na kabla sijamaliza kumwitikia "Iko, Yieyo," kama kwao wanavyomwita mama, alikuwa ameshamchukua mtoto mikononi mwangu. Kondoo alikuwa ameshachinjwa. Kwao, mzazi hupewa supu na mafuta ya kondoo mpaka aombe kusamehewa, na mimi niliomba kusamehewa siku ya kwanza.

"Kunywa," alisema. "Umekonda kama fimbo. Mtoto atanyonya nini, vitabu?"

Alinitazama nikinyonyesha. Hakugeuza uso. Alisikiliza sauti ile kwa muda, kichwa kimeinama upande.

"Huyu mtoto anapiga mdomo kama mtu anafukuza mbuzi," alisema. "Hiyo ni kimio. Kuna mzee huko juu anakata."

Nilishtuka. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na najua watoto ambao wamekatwa kwa wembe na hawakupona. Nilimweleza kwa heshima yote niliyokuwa nayo kwamba siwezi. Nilieleza kwa urefu, kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umemaliza mhadhara?" aliuliza. "Basi twende kwa daktari kwanza. Lakini mimi naingia ndani na wewe. Nyinyi watu wa shule mkiulizwa swali mnajibu ingine."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, na chumba chake kilikuwa kidogo. Alimtazama mtoto akinyonya, kisha akanawa mikono, akavaa glavu, akaipitisha ncha ya kidole chake kidogo chini ya ulimi wa binti yangu. Mtoto alilia. Alipolia, ulimi wake haukuinuka. Ulibaki umebanwa chini, ncha yake ikiwa imebonyea katikati, na daktari akanionyesha kile kiutando chembamba kilichoufunga, kifupi mno, kimefika karibu na ncha kabisa.

"Maziwa unayo," alisema. "Lakini huyu hawezi kuyatoa. Ulimi haufiki mbele, unashika kidogo halafu unateleza. Hiyo sauti unayosikia ni kuteleza. Na titi lisipotolewa maziwa, linapunguza kutengeneza. Ndiyo maana ukikamua unaona kidogo." Alivua glavu. "Si kila ulimi wa hivi unahitaji kukatwa. Huu unahitaji. Kwenu kuna mwingine?"

"Hapana," nilisema.

"Toa ulimi wako."

Niliutoa. Daktari aliinama. Mama mkwe naye akainama, bega lake likigusa la daktari.

"Ai!" mama mkwe alisema. "Kumbe mtoto amepigwa fotokopi."

Kulikuwa na kioo juu ya sinki. Niliutazama ulimi wangu mwenyewe, ambao sikuwa nimewahi kuutazama. Ulifika kwenye mdomo wa chini ukakwama hapo, na ncha yake ilikuwa imebonyea katikati kama ya binti yangu.

Nilipokuwa shule ya msingi, Matasia, sauti ya r haikunitoka. Mwalimu alinisimamisha nisome neno barabara, nikasema balabala, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Kila mtu alikuwa na maelezo tayari: mtoto wa Kikuyu, ulimi wa Kikuyu. "Anashrabu," wenzangu walisema, kama tunavyowasema wote wanaobeba lafudhi ya nyumbani mpaka kwenye lugha nyingine. Niliona aibu, nikajifunza peke yangu kuitoa sauti hiyo kwa ubavu wa ulimi, na pengine ni aibu hiyo iliyonisukuma baadaye kuzisomea sauti. Hakuna aliyewahi kunitazama kinywani, kwa sababu jibu lilipatikana kabla ya swali kuulizwa. Lawama ya r ilitwikwa kabila langu. Lawama ya maziwa ilitwikwa mama yangu. Ulimi wenyewe ulikaa mahali pake, kimya, miaka yote hiyo.

Kukata kwenyewe kulikuwa jambo la kitambo kidogo. Mkasi safi, tone la damu, kilio kimoja. Daktari alinirudishia mtoto, akanionyesha namna ya kumsogeza ili mdomo ufunguke vizuri, na kidevu kiguse titi kwanza. Binti yangu alinyonya. Nilikisubiri kidoko. Kilikuja mara moja, kisha kikapotea, na mahali pake ikaingia sauti ile nyingine, ya chini na laini, ya mtu anayemeza.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kiligeuka hapo hapo. Ilibidi nimpe titi mara kwa mara, nikamue baada ya kila kunyonya, na kumwongezea kwa kikombe yale niliyokamua pamoja na kidogo cha ule mkebe, mpaka uzito ulipoanza kupanda na maziwa yangu yakarudi. Ulimi wake ilibidi ujifunze kazi mpya, na mwili wangu ilibidi uamini kwamba unahitajika. Yalirudi polepole. Siku moja nilikuwa nje ya nyumba ya mama mkwe, nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, mtoto akinyonya, na nikahisi titi la pili likichuruzika lenyewe, likiloesha nguo yangu yote kwa mbele.

"Sasa huyo ndiye mama," mama mkwe alisema alipopita na ndoo. "Funika, usimwage chakula ya watu."

Nilicheka. Ndipo, nikiwa bado nacheka, nikaisikia sauti ya mama yangu. Ilikuwa inaloesha blauzi.

Nilibaki nimekaa pale muda mrefu. Mtoto alilala akiwa bado ameshika titi, na nilihisi utulivu ule ambao bango la kliniki halikuutaja, au labda liliutaja kwa maneno ambayo sikuyaelewa: mwili wangu wote ulikuwa umelegea, mapigo ya moyo yametua, kiganja chake kidogo kiko kifuani pangu kana kwamba ananituliza yeye. Na katikati ya utulivu huo nikaelewa. Dada yangu alipozaliwa, mama yangu alikuwa na maziwa. Yalikuja, yakamlowesha. Aliyaita maji kwa sababu alikuwa ameshaambiwa yeye ni nani. Akayafunga kwa leso mpaka yakakauka, akimficha mtoto mchanga maziwa yake, na kuwaficha wifi zake blauzi.

Nilirudi Kitengela nikiwa na jambo hilo, na sikulisema. Nilikuwa na sababu, na kwa kuwa nimezoea kupanga sababu, nilizipanga. Kwanza, sikuwa na ushahidi. Ulimi wangu wa leo hauwezi kuapa juu ya kilichotokea nilipokuwa mchanga. Mama anaweza kuwa alikuwa na tatizo jingine, na watu watatu wa familia moja hawatoshi kujengea hitimisho lolote. Pili, na hili ndilo lililonizuia hasa, nilijua nitakachokuwa nampa. Ningemwondolea lawama, naam. Lakini mtu aliyeambiwa hana kitu huweza kuzoea kutokuwa nacho. Mama yangu alikuwa ameizoea hali yake, akaifanyia mizaha, akaijengea hadithi ya dukani. Nikimwambia kwamba maziwa yalikuwepo, kwamba mkasi mdogo ungetosha, kwamba yale aliyoyafunga kwa leso yalikuwa ya dada yangu, je, si ningekuwa nimempokonya bahati mbaya na kumpa hasara? Bahati mbaya haina mtu wa kuilalamikia. Hasara ina tarehe yake, na mikono iliyoifunga.

Nilimpigia simu mara kadhaa katika siku hizo. Tulizungumza juu ya bei ya nyanya na juu ya mvua. Aliniuliza kama mkebe umeisha aniletee mwingine. Nilisema bado.

Kisha dada yangu akanitumia picha. Anaishi Tuala, na alikuwa amebakiza wiki chache ajifungue mtoto wake wa kwanza. Picha ilionyesha rafu ya jikoni kwake, na juu ya rafu mikebe ya maziwa ya unga imepangwa, mmoja kando ya mwingine, kila mmoja umefutwa vumbi. Chini yake aliandika kwamba Mami amepita, amesema wasihangaike kujaribu na kuumia bure, kwa sababu sisi kwetu tunajijua. Aliniuliza kama ni kweli inauma sana.

Niliitazama picha ile nikiwa nimemshika binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kunenepa mashavu. Niliona upendo wote wa mama yangu umepangwa kwenye rafu. Alikuwa anamkinga binti yake na aibu kwa njia pekee aliyoijua. Na niliona kwamba kimya changu hakikuwa tena huruma kwa mtu mmoja. Kilikuwa kimeanza kula chakula cha mtoto mwingine.

Ningeweza kumwambia dada peke yake. Nililifikiria hilo kwa makini, kwa sababu lilikuwa jepesi. Dada angenielewa, angemtazama mtoto wake ulimi akizaliwa, angenyonyesha, na mama angebaki na hadithi yake. Lakini angemwona dada akinyonyesha. Angegeuza uso wake tena na kuketi mlangoni, na ndani ya nyumba binti zake wawili wangekuwa wanajua kitu juu ya mwili wake ambacho yeye hakijui. Wifi zake walimfanyia hivyo zamani. Sikutaka iwe zamu yetu.

Nikapiga simu. Ilikuwa asubuhi, saa ambayo duka huwa na watu.

"Haloo? Mtoto ako sawa?"

"Ako sawa, Mami. Ananyonya."

"Ananyonya?"

"Mpaka analala hapo hapo."

"Mungu ni mwema. Basi hiyo ni ya upande ya baba yake."

"Mami, maziwa ni yangu. Si ya baba yake."

Alicheka, lakini kwa uangalifu. Nilimuuliza kama yuko peke yake. Alisema kuna mtu anachagua nyanya, niongee tu, nisimtishe. Nilikuwa nimejiandalia utangulizi, wenye tahadhari zake zote na mipaka ya kile ninachokijua. Wote ulinitoka.

"Nikiwa mdogo," nilisema, "nikinyonya, nilikuwa nafanya sauti?"

"Sauti gani?"

Nilisogeza simu karibu na mdomo. Nikabandika ulimi juu, nikavuta, nikauachia. Ta.

Nilisikia pikipiki ya boda boda ikipita mbele ya duka. Nilisikia mtu akiuliza bei ya vitunguu, akauliza tena. Halafu, sikioni mwangu, ndogo na kavu, ikatoka Matasia sauti ile ile. Ta.

"Hivyo," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Shangazi zako walisema hata mtoto ananisonya."

"Sikuwa nakusonya, Mami. Ulimi wangu ulikuwa umefungwa chini. Bado uko hivyo, nimeuona kwa kioo. Wa mtoto ulikuwa hivyo hivyo, daktari akakata. Siwezi kukuapia, lakini naamini haikuwa wewe."

Alipumua. Nilimsikia akiketi, kiti chake cha dukani hulia mtu akikikalia.

"Na ile ya leso?" aliuliza.

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelikimbia. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa macho, akinitazama, ulimi wake umetoka nje ya midomo bila kazi yoyote.

"Yalikuwa maziwa, Mami."

Mteja alisema, "Mama, unanipimia ama niende?" na mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimfukuza mtu mwenye kapu, akamwambia aende. Kisha nikasikia pua ikipengwa, na koo likisafishwa.

"Dada yako umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie. Nitamwambia mimi. Nafunga hapa naenda Tuala sasa hivi." Nilisikia mlango wa duka ukivutwa. "Zile njahi nilikuletea, ulipika?"

"Zilibaki, Mami. Ziko tu kwa mfuko."

"Usiziguse," alisema. "Nikitoka huko nakuja kupika mwenyewe."